Rangi na Mavazi ya Ziada ya Wapiganaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila gemu mpya ya mapigano ikitoka, maswali haya hurudi upya. Majibu yafuatayo ni ya anayeanza na pia ya anayejiandaa kuingia mashindanoni. Pale ambapo nina maoni yangu, nimeyasema bila kuzunguka.

Kubadili rangi na kubadili vazi kuna tofauti gani?

Ukibadili rangi, umbo linabaki lilelile: nguo ileile, nywele zilezile, mikunjo ileile, ila nyekundu imekuwa buluu. Ukibadili vazi, nguo yenyewe imechorwa upya. Aliyekuwa kifua wazi sasa amevaa koti, aliyefunga nywele amezifungua. Gemu nyingi za sasa zinatumia vyote viwili pamoja. Kwenye Street Fighter 6, kwa mfano, unachagua vazi kwanza, kisha unachagua rangi ya vazi hilo.

Wachezaji wengi huita yote hayo "skini", na mnaelewana vizuri tu. Tatizo huja wakati wa kununua. Soma maelezo ya kifurushi kabla hujalipa, maana vifurushi vingine ni rangi tupu, hata kama picha ya tangazo inakufanya utarajie nguo mpya.

Kwa nini rangi za ziada zilianza?

Zilianza kwa sababu watu wawili walimtaka mhusika mmoja. Kwenye mashine za Street Fighter II za mwaka 1991 hilo halikuwezekana. Mwenzako akimwahi Ryu, wewe ulikuwa huna budi kumchukua Ken au mwingine yeyote aliyebaki. Toleo la Champion Edition la mwaka 1992 likaruhusu Ryu apigane na Ryu. Papo hapo likazuka swali: yupi ni wangu? Jibu likawa kumpa mmoja wao rangi nyingine.

Kwa hiyo rangi ya pili haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Iliwekwa ili jicho lisipotee katikati ya vurugu za ngumi na mateke, na hadi leo hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila vazi jipya: je, ninaona anachofanya? Urembo ulikuja baadaye kidogo. Mwaka 1993 Super Street Fighter II ilimpa kila mhusika rangi 8, na rangi uliyoipata ilitegemea kitufe ulichobonyeza wakati wa kumchagua. Hapo ndipo watu walipoanza kuwa na rangi "yao", na wengine hawakuwa tayari kucheza bila hiyo.

Kwa nini gemu za zamani zina rangi nyingi lakini mavazi hayabadiliki?

Kwa sababu rangi ilikuwa karibu bure, na vazi lilikuwa kazi ya miezi.

Picha ya mpiganaji kwenye mashine za enzi hizo haikuhifadhi rangi. Ilihifadhi namba. Kila pikseli, yaani nukta ya picha, ilikuwa na namba, na pembeni kulikuwa na jedwali dogo linalosema namba hii ni nyeupe, ile ni kahawia, ile ni nyekundu iliyokolea. Kwenye mashine ya Capcom, kampuni inayotengeneza Street Fighter, iliyobeba Street Fighter II, jedwali moja lilikuwa na nafasi 16, na moja kati ya hizo ilitumika kuonyesha mahali pasipo na kitu, yaani mandhari ya nyuma yapenye. Ukibadilisha jedwali, mhusika mzima anabadilika katika kila picha yake, akiruka, akianguka au akishangilia, bila mchoraji kugusa hata picha moja. Jedwali zima ni baiti chache tu.

Vazi jipya ni habari nyingine kabisa. Mpiganaji wa gemu ya michoro bapa ana mamia ya picha, moja kwa kila hatua ya kila pigo. Ukitaka avae koti, inabidi koti lichorwe katika picha zote hizo, na picha zote hizo zipate nafasi kwenye chipu za kumbukumbu, ambazo zilikuwa ghali. Ilikuwa afadhali kampuni itumie jasho hilo kuchora mhusika mwingine kabisa.

Ufinyu wa jedwali ndio unaoeleza pia zile rangi za ajabu ambazo watu huzicheka. Nafasi zikiwa 15 tu, wachoraji walilazimika kushirikisha sehemu mbalimbali za mwili: kivuli cha ngozi na kivuli cha mkanda vikatumia namba moja, au nywele na viatu. Ukibadili kimoja, kingine kinafuata. Ndiyo maana wahusika wengine wana toleo lenye ngozi ya kijivu au ya zambarau bila hadithi yoyote ya kulieleza.

Kuna kubana matumizi kwingine kunakofanana na huko. Mhusika akigeuka kutoka kulia kwenda kushoto, mashine ilipindua picha ileile. Mtazame Sagat: kitambaa chake cha jicho kinahama kutoka jicho moja kwenda jingine kila akigeuka. Gill wa Street Fighter III, ambaye nusu ya mwili ni nyekundu na nusu ni buluu, hakuweza kufanyiwa hivyo bila aibu, kwa hiyo alichorwa kwa pande zote mbili.

Ni kweli Scorpion, Sub-Zero na Reptile ni mtu mmoja?

Kwa picha, ndiyo. Mortal Kombat ya mwaka 1992 haikuchorwa kwa mkono, ilitumia picha za waigizaji halisi zilizoingizwa kwenye kompyuta. Daniel Pesina ndiye aliyeigiza hao watatu, na Johnny Cage pia. Njano ni Scorpion, buluu ni Sub-Zero, na kijani ni Reptile, ambaye alikuwa adui wa siri. Mwaka uliofuata Mortal Kombat II ikafanya vilevile kwa wanawake: Kitana, Mileena na Jade wote ni Katalin Zamiar.

Hapa rangi ilivuka mpaka. Haikuwa tena njia ya kutofautisha Ryu wawili, ilikuwa njia ya kuzaa wahusika. Mashabiki nao wakajifunza kwamba rangi mpya inaweza kumaanisha mtu mpya, wakaanza kuwinda. Kwenye mashine za Mortal Kombat ya kwanza kulikuwa na ukurasa wa hesabu za mashine wenye neno "ERMACS". Uvumi ukaenea kwamba ni ninja mwekundu aliyefichwa. Hakuwepo. Lakini watu walimtafuta kwa ari kiasi kwamba watengenezaji walimtengeneza kweli, na Ermac akaingia Ultimate Mortal Kombat 3 mwaka 1995, akiwa amevaa nyekundu.

Gemu za 3D zilibadilisha nini?

Zilitenganisha mwendo na mwili. Kwenye 3D, pigo ni mwendo wa mifupa isiyoonekana, na mwili na nguo huvishwa juu ya mifupa hiyo. Mchoraji akitengeneza vazi jipya mara moja, mapigo yote yaliyokuwepo yanalitumia. Ghafla vazi likawa jambo linalowezekana. Virtua Fighter 2 ya mwaka 1994 ilikuwa na nguo tofauti kwa mchezaji wa kwanza na wa pili, na Tekken ikakuachia uchague vazi kwa kitufe.

Tekken 3 ilifika mbali zaidi. "Vazi" la pili la dubu Kuma lilikuwa mnyama mwingine kabisa, Panda. Vazi moja la Eddy Gordo lilikuwa Tiger Jackson, mtu mwenye afro na nguo za disko anayepigana kama Eddy. Super Smash Bros. Ultimate ya mwaka 2018 bado inaendeleza mchezo huo: kila mpiganaji ana sura 8, na kwa Bowser Jr. saba kati ya hizo ni Koopalings, wahusika kamili wenye majina yao.

Baadaye mchezaji mwenyewe akapewa kabati. Tekken 5 ilikuruhusu kununua nguo na vifaa kwa pesa za ndani ya gemu ulizozishinda, na Soulcalibur III ya mwaka 2005 ikakuruhusu kuunda mpiganaji wako kuanzia mwanzo. Gharama yake unaiona mpaka leo: kofia inayopenya kwenye nywele, mkono unaozama kwenye koti. Mifupa haijui umevaa nini.

Je, vazi linaongeza nguvu au kasi?

Kwa kawaida, hapana. Gemu haiangalii nguo inapoamua kama umegongwa. Inaangalia visanduku visivyoonekana vilivyofungwa kwenye mwili, na visanduku hivyo ni vilevile uvae suruali ya jeshi au vazi la ufukweni. Sketi pana haigongwi. Kofia ndefu haikufanyi urefuke.

Zipo gemu zilizokiuka hilo kwa makusudi. Injustice 2 ya mwaka 2017 ilikuwa na mavazi yanayoongeza nguvu, ulinzi na afya, lakini mashindano yalichezwa nguvu hizo zikiwa zimezimwa. Baadhi ya gemu za Tekken zina vifaa vya kuvaa vinavyokupa pigo la ziada, mengi yakiwa ya utani.

Faida ya kweli ya vazi ni ya macho, na hiyo hudharauliwa. Mchezaji mzuri hasubiri ngumi ifike. Anasoma dalili za mwanzo: bega linashuka, goti linainuka. Vazi refu linaloficha miguu linachelewesha usomaji wa teke la chini. Sehemu ya sekunde inatosha kumfanya mtu azuie juu badala ya chini. Mhusika mweusi tii kwenye uwanja wa usiku naye ni balaa. Sisemi ni udanganyifu, maana gemu imekuuzia vazi hilo kihalali, lakini anayesema "ni nguo tu" hajawahi kupoteza mechi kwa sketi.

Kwa nini waandaaji wa mashindano hukataza baadhi ya mavazi?

Sababu ya kwanza ndiyo hiyo ya kuonekana. Ya pili ni ulaini wa gemu: vazi lenye mwanga mwingi au vitambaa vingi vinavyopepea linaweza kuifanya mashine ikwame, na gemu hizi huhesabu fremu, yaani picha moja moja za skrini, 60 kwa sekunde. Fremu mbili zikipotea, mfululizo wa mapigo unakatika.

Ya tatu ni televisheni. Kwenye fainali za Evo 2017, shindano kubwa la gemu za mapigano, zilizorushwa na kituo cha televisheni cha ESPN2, mchezaji aliyekuwa akimtumia Cammy kwenye Street Fighter V aliambiwa abadilishe vazi lake, kwa sababu lilikuwa wazi mno kwa matangazo hayo. Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Nadhani mwandaaji angetaja mavazi yasiyoruhusiwa siku moja kabla. Kumkatiza mtu katikati ya fainali kunamvuruga.

Soma kanuni za shindano lako. Zisipotaja mavazi, muulize mwamuzi kabla ya mechi ya kwanza.

Tukichagua mhusika mmoja na rangi ileile, itakuwaje?

Gemu inamsukuma mmoja wenu kwenye rangi nyingine. Kwa kawaida anayechelewa kuthibitisha ndiye anayesogezwa.

Nimenunua vazi. Mpinzani asiyelinunua ataliona?

Ataliona, kwa karibu gemu zote za sasa. Faili za vazi hushuka kwa kila mtu kupitia masasisho, na unachonunua ni ruhusa ya kulichagua. Hiyo ni sababu mojawapo ya masasisho kuwa makubwa hata kwa mtu ambaye hajawahi kununua kitu.

Na modi nilizoweka kwenye kompyuta yangu?

Hizo mpinzani hataziona. Modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na mashabiki, hubadilisha faili za mashine yako tu. Wewe utamwona Ryu amevaa suti, yeye atamwona Ryu wa kawaida.

Hatari inakuja pale skrini yako inapokuwa skrini ya wengine. Oktoba 2023, shindano moja la mtandaoni la Street Fighter 6 lilirushwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yenye modi ya Chun-Li akiwa uchi. Watazamaji waliona kila kitu kabla mtangazaji hajajua la kufanya. Mwezi huohuo Capcom, katika wasilisho la wahandisi wake, ilieleza kwamba kwa mtazamo wake modi hazina tofauti na udanganyifu, na kwamba za kukera zinaweza kulichafua jina la kampuni. Kwa hiyo modi zicheze nyumbani, na uwe na nakala safi ya gemu kwa ajili ya kurusha na kushindana.

Ninaweza kupata rangi na mavazi bila kulipa pesa halisi?

Mara nyingi rangi, ndiyo. Mavazi, inategemea. Zamani karibu kila kitu kilifunguliwa kwa kucheza: Tekken 3 iliweka sare za shule za Jin na Xiaoyu kama zawadi ya kuwatumia wahusika hao mara nyingi.

Street Fighter V ya mwaka 2016 ilificha rangi ndani ya hali ya Survival, ambapo unapambana na maadui mfululizo huku afya yako haijazwi yote kati ya mapambano. Unawaangusha wote, unafika kwa wa mwisho, anakubamiza, unarudi mwanzo. Sijui nani aliona hiyo ni burudani. Street Fighter 6 imejirekebisha: rangi hununuliwa kwa Drive Tickets unazozipata kwa kucheza, na vazi la pili la mhusika linaweza kupatikana kwa kujenga urafiki naye kwenye World Tour, sehemu ya hadithi ya mchezaji mmoja. Ukiwa na haraka, unaweza pia kulinunua.

Kwa nini mavazi mapya yanauzwa ghali hivi?

Kazi ya kuyatengeneza ni halisi. Vazi la leo lina vitambaa vinavyotembea, vifungo, mikunjo ya ngozi, na linahitaji kujaribiwa na kila pigo la mhusika na kila mshiko wa wahusika wengine wote. Michoro bapa ilibadilishwa rangi kwa baiti chache, na siku hizo hazirudi.

Lakini ughali wa kazi hauelezi ujanja wa kuuza. Desemba 2023 Street Fighter 6 ilileta vazi la tatu kwa wahusika 18 wa kwanza. Kila vazi liligharimu Fighter Coins 300, sarafu za gemu zinazonunuliwa kwa pesa halisi, wakati kifurushi kidogo cha sarafu hizo kilikuwa na 250 na kilichofuata 610. Unayetaka vazi moja unanunua vifurushi viwili au unachukua kikubwa, na masalio yanakukaa mfukoni yakikuita urudi. Tekken 8 nayo ilifungua duka lake la mavazi Februari 2024, baada ya gemu kutoka Januari na wakaguzi kumaliza kuandika, na wachezaji wakaona hilo haraka. Dead or Alive 6 ilivuka zaidi: ilitaka malipo ya kubadili rangi ya nywele. Rangi, kitu kilichokuwa bure kwa kubonyeza kitufe kingine mwaka 1993!

Kichekesho kikubwa kuliko vyote ni cha Desemba 2018, Street Fighter V ilipoweka matangazo ya biashara kwenye nguo za wapiganaji. Ungeweza kuyazima, lakini ukiyaacha ulipata Fight Money, pesa za ndani ya gemu, zaidi. Ryu, mtu wa kutembea pekupeku akitafuta maana ya pigano, akiwa na nembo kifuani.

Ushauri wangu ni kusubiri. Punguzo huja, na vazi halikimbii.

Ninaweza kutengeneza rangi yangu mwenyewe?

Kwenye baadhi ya gemu, ndiyo. Capcom vs. SNK 2 ya mwaka 2001 ilikuwa na sehemu ya kuhariri rangi, na The King of Fighters XIII ya konsoli pia. Tekken za karibuni zinakuruhusu kubadili rangi ya kila kipande cha nguo.

Anza na ngozi na nguo: zisifanane, la sivyo mkono utapotea juu ya kifua wakati wa ngumi. Kisha viungo vinavyopiga. Mhusika wa mateke apewe viatu au soksi zinazong'aa kuliko suruali, na wa ngumi apewe glovu. Usitie rangi tano zenye nguvu sawa, jicho halitajua litulie wapi. Moja kubwa, moja ndogo ya kuipinga, na zilizobaki ziwe za kunyamaza. Ukimaliza, mjaribu kwenye uwanja wenye giza zaidi na ule wenye mwanga zaidi. Rangi nyingi zinazopendeza kwenye skrini ya kuchagua hufa hapo.

Nina shida ya kutofautisha rangi. Nifanye nini?

Hauko peke yako. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani. Gemu nyingi mpya zina mpangilio wa kusaidia, kwa hiyo anza kuutafuta huko.

Ukiwa huna mpangilio huo, chagua kwa mwanga badala ya rangi: mmoja mweupe, mwingine mweusi. Kijani na nyekundu zenye mwanga sawa ni mtego, hata kama rafiki zako wanakuambia zinatofautiana wazi. Njia rahisi ya kupima ni kugeuza skrini iwe nyeusi na nyeupe kwa dakika moja. Mkiwa bado mnajulikana ni yupi na yupi, rangi hizo zinafaa. Na mkicheza ana kwa ana, omba mwenzako abadili vazi kabisa. Umbo tofauti linasaidia kuliko rangi yoyote.

Ninaanza leo. Nichague ipi?

Baki na vazi la kwanza na rangi ya kwanza mpaka umjue mhusika. Hilo ndilo watengenezaji walilolitumia kuchora kila pigo, na ndilo utakaloliona kwenye video nyingi za mafunzo, kwa hiyo macho yako yatajifunza dalili zilezile zinazofundishwa. Mapigo yakishakukaa mkononi, vaa unachotaka, ila rudi kwenye chumba cha mazoezi kwa dakika chache na umwache mhusika huyo akupige ukiwa upande wa pili. Ukigundua kuna teke ambalo huwezi tena kuliona likianza, na mpinzani wako naye hataliona.